Wino na karatasi visipopatana, hasara ni ya mchapa picha

Biashara ya kuchapa picha kwa mashine za wino inazidi kuvutia watu wenye mitaji midogo katika miji ya Afrika Mashariki. Sababu iko wazi. Mtu huanza na kamera, kompyuta moja, mashine yenye matangi ya wino na pakiti chache za karatasi inayong'aa. Hahitaji chumba cha giza wala dawa za kusafishia picha, na mteja wa picha ya pasipoti huondoka na picha yake kabla hajamaliza soda. Hata hivyo, ipo hasara ambayo wengi huigundua wakiwa wamechelewa. Haitokani na mashine wala na uhaba wa wateja, bali na wino na karatasi vilivyonunuliwa kila kimoja kwa unafuu wa bei yake, bila kuuliza kama vinapatana.

Dalili zake ni zile zile kila mahali. Picha ya harusi iliyotundikwa ukutani inageuka rangi ya chungwa. Nyeusi ya suti inabaki kwenye kidole cha bibi harusi. Picha inatoka kwenye mashine ikiwa na madimbwi madogo ya wino yasiyokauka mpaka kesho yake. Mteja haulizi ni karatasi gani iliyotumika. Anataka picha nyingine au fedha zake.

Neno "glosi" lililoandikwa juu ya pakiti humwambia mnunuzi kwamba karatasi inang'aa, na halimwambii zaidi ya hapo. Sokoni zipo karatasi za aina tatu zinazong'aa, zote zimeandikwa uzito wa gramu kwa mita ya mraba, zote zinaweza kukaa rafu moja, lakini kila moja hupokea wino kwa namna yake.

Ya kwanza, ambayo kwa kawaida ndiyo nafuu, ni karatasi ya kawaida iliyopakwa tabaka upande mmoja na kung'arishwa kwa kubanwa kwenye silinda ya chuma yenye joto tabaka likiwa bado bichi. Nyuma yake ni karatasi tupu. Wino ukizidi, maji hupenya hadi kwenye nyuzi za karatasi, nayo huvimba na kujikunja kama daftari lililonyeshewa.

Ya pili wenye maabara za picha wa zamani wanaifahamu kwa kuishika tu. Kiini chake ni karatasi iliyofunikwa kwa plastiki pande zote mbili, sawa na ile iliyotumika kwa picha za rangi za kusafishwa kwa dawa tangu miaka ya 1970. Plastiki haipitishi maji, kwa hiyo kazi yote ya kumeza wino inaachiwa tabaka jembamba lililo juu yake. Tabaka hilo ni punje ndogo sana za silika au alumina zilizoshikwa pamoja kwa gundi kidogo, na katikati ya punje kuna vitundu visivyoonekana kwa macho. Vitundu hivyo huvuta wino kama utambi unavyovuta mafuta ya taa.

Ya tatu ina kiini hicho hicho cha plastiki, lakini juu yake hakuna vitundu. Kuna tabaka la jelatini au gundi nyingine inayovimba ikipata maji. Wino ukitua, tabaka hufunguka, humeza rangi, kisha hukauka polepole na kujifunga tena. Karatasi hii ilikuwa na jina kubwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini imeadimika sokoni kwa kuwa wateja walitaka picha inayokauka papo hapo.

Ndiyo maana gramu peke yake ni kipimo kibovu cha kununulia. Karatasi ya gramu 230 yenye mgongo wa karatasi tupu na ile ya gramu 230 yenye plastiki zina uzito sawa kwenye mizani, lakini ni bidhaa mbili tofauti. Jina la pakiti nalo si lazima liwe jina la kiwanda. Viwanda vinavyotengeneza kiini chenye plastiki ni vichache duniani, mmojawapo ukiwa Felix Schoeller wa Osnabrück, Ujerumani, na kiini cha kiwanda kimoja huweza kuuzwa chini ya majina mengi.

Kwa upande wa wino, sehemu kubwa ya kilichomo ndani ya chupa ni maji. Huongezwa glaikoli au gliserini ili wino usikaukie kwenye matundu ya kichwa cha mashine, na rangi yenyewe ni kiasi kidogo. Tone moja la mashine ya picha ni dogo ajabu. Epson Stylus Photo R800 ya mwaka 2004 ilitoa tone la pikolita 1.5, na pikolita moja ni sehemu moja kati ya trilioni moja za lita. Tone dogo hivyo hufanya lolote ambalo karatasi inaliruhusu kufanya.

Wino wenyewe uko wa namna mbili. Wino wa dayi ni ule ambao rangi yake imeyeyuka kabisa, kama sukari ndani ya chai. Ukitua juu ya karatasi yenye vitundu, rangi huzama pamoja na maji, uso wa karatasi hubaki laini, na picha hung'aa kama kioo. Rangi zake ni kali na za kuvutia. Kwa macho ya mteja aliyesimama mbele ya kaunta, hakuna wino unaoupita.

Udhaifu wake hauonekani kwenye kaunta. Rangi iliyoyeyuka haina ngozi ya kuikinga, na vitundu vilivyoingiza wino havifungi mlango baada ya hapo. Hewa nayo huingia.

Jambo hilo lilijulikana kwa watu wengi mwaka 2000. Kampuni ya Epson ya Japani ilitoa mashine za Stylus Photo 870 na 1270, zenye rangi sita za dayi, na zikauzwa kwa sifa ya kutoa picha zitakazodumu miaka mingi. Makadirio ya umri wa picha yalitokana na majaribio ya Wilhelm Imaging Research, taasisi ya Henry Wilhelm iliyoko Grinnell, katika jimbo la Iowa nchini Marekani. Majaribio yalipima nguvu ya mwanga: picha huwekwa chini ya kioo, humulikwa kwa taa kali usiku na mchana, na muda wa kufifia hukadiriwa kwa miaka ya nyumbani.

Kumbe adui hakuwa mwanga. Baadhi ya wanunuzi waliotundika picha zao bila kioo, kwenye karatasi ya glosi yenye vitundu, waliziona zikigeuka rangi ya chungwa ndani ya wiki chache. Wengine wenye mashine hizo hizo na karatasi hizo hizo hawakuona kitu. Mkanganyiko huo ulizua ubishi mrefu, hadi ilipobainika kwamba hewa ya mahali ndiyo iliyotofautiana. Gesi ya ozoni na gesi nyingine za aina hiyo zilikuwa zikila rangi ya samawati. Picha ya rangi hujengwa kwa samawati, majenta na njano. Samawati ikiondoka, hubaki majenta na njano, na hizo mbili zikikaa pamoja ndiyo rangi ya chungwa. Makadirio ya awali yalibidi kurekebishwa, na tangu hapo gesi ikawa jambo la kupimwa pamoja na mwanga.

Kampuni za Marekani na Japani zilijibu tatizo hilo kwa njia tofauti. HP kwa miaka kadhaa ilishikilia karatasi inayovimba, kwa kuwa tabaka lake likikauka huifunika rangi na kuizuilia hewa. Kwa baadhi ya wino na karatasi zake za wakati huo, makadirio ya Wilhelm yalipita miaka 70 chini ya kioo. Gharama yake ilikuwa usumbufu: picha ilichelewa kukauka, na tone moja la maji liliacha doa. Canon na Epson zilibaki na vitundu, zikatafuta dayi ngumu zaidi. Mwaka 2005 Canon ilitoa wino ulioitwa ChromaLife100. Ile 100 iliyosomwa na wengi kama umri wa picha ilikuwa makadirio ya picha iliyofungiwa ndani ya albamu. Kwa picha iliyo chini ya kioo makadirio yalikuwa kama miaka 30, na kwa picha iliyo wazi kwenye hewa, kama miaka 10. Muuzaji anayetaja namba moja tu kati ya hizo tatu huwa amechagua ile inayouza.

Namna ya pili ya wino ni pigimenti. Hapa rangi haikuyeyuka; ni chembe ngumu zinazoelea majini, kama chokaa kwenye ndoo ya mpaka rangi. Chembe moja huwa na upana wa takriban nanomita 100, yaani elfu kumi zikipangwa mstari mmoja zinafika milimita moja. Vitundu vya karatasi kwa kawaida ni vidogo kuliko hizo. Maji huzama, chembe hubaki juu. Mwanga na gesi vikishambulia chembe, hula ganda la nje tu, na ndani bado kuna rangi. Ndiyo sababu picha ya pigimenti hudumu muda mrefu.

Lakini kukaa juu kuna bei yake kwenye karatasi ya kung'aa. Sehemu yenye wino hupoteza mng'ao, huku sehemu nyeupe isiyo na wino iking'aa kama kawaida, na mteja akiinamisha picha huona mabaka. Samawati iliyotengenezwa kwa shaba huakisi wekundu kama sufuria ya shaba, na weusi hukwaruzika kwa ukucha. Epson Stylus Photo 2000P ya mwaka 2000, iliyotumia pigimenti, ilisifiwa kwa kudumu lakini picha zake zilibadilika zikitolewa ndani kwenda juani, zikaelekea ukijani. Mwaka 2002 zilikuja pigimenti zilizovikwa utomvu wa plastiki ili zishike vizuri na kung'aa. R800 ikaongeza katriji ya utomvu usio na rangi, unaomwagwa juu ya sehemu nyeupe ili uso wote ulingane, na Canon ikafanya jambo kama hilo kwenye PIXMA PRO-1 ya mwaka 2011. Tatizo limepungua sana, ila mashine zenye ufundi huo si zile zinazonunuliwa na studio za mitaani.

Studio za mitaani zina mashine za matangi. Epson ilianza kuziuza Indonesia mwaka 2010, na baadaye zikafuata zenye rangi sita za picha kama L800 na L805, ambazo zimezoeleka katika studio za ukanda huu. Hizi hutumia dayi. Kwa picha za pasipoti, ambazo nyingi huishia kwenye fomu na majalada, dayi na karatasi nafuu yenye vitundu vinatosha kabisa, na mwenye studio hana haja ya kutumia zaidi. Mambo huharibika pale mazoea ya picha ya pasipoti yanapohamishiwa kwenye picha ya ukutani.

Kosa linalogharimu zaidi ni wino wa chupa usiojulikana. Wino wa dayi wa kujazia huuzwa hata kwa lita, na rangi yake siku ya kwanza huweza kulingana kabisa na ya kampuni iliyotengeneza mashine. Tofauti huwa kwenye uimara wa samawati dhidi ya gesi, na hilo halionekani dukani. Kuchanganya dayi na pigimenti kwenye tangi moja ni hasara ya haraka zaidi, kwa kuwa chembe huweza kugandana na kuziba kichwa cha mashine.

Wapo pia wanaotumia mashine ile ile kwa vikombe na fulana. Wino wa vikombe ni wa namna nyingine; hutoa rangi yake halisi baada ya kupashwa joto la karibu nyuzi 180 hadi 200 na kuhamia kwenye kitu kilichopakwa dawa maalumu. Ukichapwa juu ya karatasi ya glosi na kuachwa hivyo, picha hutoka imepauka kana kwamba imeoshwa. Mwenye kazi zote mbili anahitaji mashine mbili.

Wino mweusi nao unastahili kuangaliwa. Mashine nyingi za ofisi zina weusi wa pigimenti na rangi tatu za dayi. Mtumiaji akiieleza mashine kwamba ameweka karatasi ya picha, mashine huacha ule weusi na kuunda mweusi kwa kuchanganya rangi tatu. Akisahau na kuacha maelezo ya karatasi ya kawaida, weusi wa pigimenti uliotengenezwa kwa ajili ya barua hutua juu ya glosi na kukaa kama masizi. Kubadilisha maelezo kwenye kompyuta hakugharimu hata senti, na huzuia pia wino kumwagwa kupita uwezo wa tabaka.

Hali ya hewa ya pwani huzidisha kila kitu. Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa zina unyevu mwingi kuliko miji ya nyanda za juu, na karatasi iliyoachwa wazi kwenye rafu hunywa unyevu huo kabla ya kukutana na wino. Hapo picha huchelewa kukauka, na dayi huweza kutambaa taratibu kwenye mipaka ya rangi, hasa pembeni mwa nyeusi. Pakiti iliyofunguliwa inafaa ifungwe tena kwenye mfuko wake. Kukauka kwenyewe kunadanganya. Karatasi yenye vitundu haibandui rangi kidoleni baada ya sekunde chache, lakini glaikoli bado imo ndani na hutoka polepole kwa siku moja au zaidi. Picha ikiwekwa kwenye fremu ya kioo au ikifunikwa kwa plastiki ya moto siku hiyo hiyo, mvuke huo hukosa pa kwenda. Kioo hufanya ukungu kwa ndani, na plastiki hushindwa kushika vizuri.

Plastiki hiyo, ikiwekwa baada ya picha kukauka, ni kinga nzuri dhidi ya gesi. Picha isiyo na kioo wala plastiki, iliyotundikwa mkabala na feni, ndiyo yenye maisha mafupi kuliko zote, kwa sababu feni huileta hewa mpya juu yake saa zote.

Hesabu ya hasara haihitaji mtaalamu. Tuseme mpiga picha amepata kazi ya harusi ya picha 200, na kwenye karatasi moja ya A4 anatoa picha nne. (Si nne kamili za sentimita 10 kwa 15, kwa kuwa robo ya A4 ina urefu wa sentimita 14.85, wateja wachache hupima.) Atatumia karatasi 50. Kazi ikirudi, atatumia 50 nyingine, wino mara mbili na siku nyingine ya kazi, na malipo yanabaki yale ya mara moja. Hapo unafuu alioupata kwa kununua karatasi ya bei ya chini unapaswa kulipia karatasi 100, na bado hajahesabu wageni wa harusi ambao wangekuwa wateja wake wa kesho.

Kwa wauzaji wa jumla, swali ni la mzigo. Pakiti zisizoeleza kama karatasi ina mgongo wa plastiki, wala ni ya wino gani, huuzwa haraka wiki ya kwanza na kurudishwa wiki ya tatu. Muagizaji anayeomba maelezo hayo kabla ya kulipa, na kuuza karatasi pamoja na wino aliokwisha kuujaribu juu yake, anaweza kutoza zaidi kidogo bila kupoteza mteja. Kuagiza shehena kubwa kwa sampuli ya karatasi moja ni kucheza bahati nasibu.

Sampuli yenyewe hupimika dukani. Ukichana pembe ya karatasi yenye plastiki, utando wake huvutika na kuonekana kwenye mpasuko. Ile ya mgongo wa karatasi huchanika kama bahasha. Kidole chenye unyevu kikigusa upande unaong'aa, karatasi inayovimba hunata mara moja, na ile yenye vitundu hainati. Ukichapa mraba mweusi na kuusugua kwa kitambaa baada ya nusu saa, weusi usiofaa utajulikana.

Kipimo cha gesi huchukua muda zaidi, lakini kwa gharama hakizidi karatasi moja. Chapa ukanda wenye samawati, majenta, njano na kijivu, ukate katikati, nusu moja uifungie kwenye bahasha ndani ya droo, nyingine uitundike wazi karibu na feni ya duka. Zilinganishe kila Jumamosi. Ikiwa baada ya wiki nne kijivu cha nje kimeanza kuelekea wekundu na cha droo hakijabadilika, mkamilifu wa kulaumiwa ni wino ule juu ya karatasi ile, na mzigo uliobaki uuzwe kwa picha za pasipoti.